Yule Mfaransa mfupi wa Hatari!: kwa nini aliacha umaarufu akaenda kutengeneza filamu zake ndogo ndogo?

#1 Chalii wa Sakina
Wakuu, heshima kwenu.

Juzi umeme uliporudi nikaangalia tena Hatari!, ile filamu ya Howard Hawks ya wakamata wanyamapori iliyotoka 1962, iliyopigwa huku kwetu Arusha, Momella na Ngurdoto. Kila mtu anamkumbuka John Wayne na vitoto vya tembo. Mimi safari hii jicho lilikwama kwa Chips, yule Mfaransa mfupi. Anatokea hospitalini kuomba kazi ya jamaa aliyechomwa pembe na kifaru, na jamaa mwenyewe bado yuko kitandani! Kurt, mmoja wa wakamata wanyama, anapandisha hasira. Kumbe damu inayotafutwa kumwokoa mgonjwa ndiyo hiyo hiyo ya Mfaransa.

Nikamfuatilia. Jina lake Gérard Blain, kazaliwa Paris 23 Oktoba 1930, kafariki 17 Desemba 2000. Ukicheza filamu kubwa ya Hollywood na Wayne ungetegemea zinazofuata ziwe za namna hiyo hiyo. Badala yake mwaka 1971, ana miaka 40, anatoa filamu aliyoiongoza mwenyewe, Les Amis. Halafu nyingine, na nyingine, zinafika nane ndefu. Ndogo, za kimya, huku kwetu sijakutana na mtu aliyeiona hata moja.

Swali: mtu kama huyu anaachaje meza iliyojaa na kwenda kupika ugali wake pembeni? Wajuzi karibuni.

#2 Steringi Hafi
Nimevuta kiti. Karanga ziko wapi?

#3 Ndizi Ng'ombe
Hatari! ilipigwa Kenya bwana, acheni kujipendelea.

#4 Binti Leguruki
#3 Kenya ya wapi? Ilipigwa Tanganyika. Walianza mwishoni mwa 1960 wakaendelea 1961, kabla hatujapata uhuru Desemba ile. Ule Mlima Meru unaouona nyuma ya magari naufungulia mlango kila asubuhi. Utaniambia Kenya?

#5 Ndizi Ng'ombe
Nimenyoosha mikono. Mlima mmeshinda, ila mrefu uko Moshi.

#6 Steringi Hafi
Huyu Blain si ndiye aliyenunua shamba kule Momella akabaki?

#7 Binti Leguruki
Hapana. Huyo ni Hardy Krüger, Mjerumani aliyecheza Kurt. Yeye ndiye aliyependa eneo, akanunua shamba Momella baada ya filamu na akaweka hoteli. Amefariki Januari 2022 Marekani. Watu wanawachanganya kwa sababu kwenye filamu hao wawili wanagombana muda wote.

Babu yangu alikuwa kwenye lile kundi la vijana waliofanya vibarua pale. Kazi yake ilikuwa kusukuma gari likikwama. Ukimuuliza kuhusu waigizaji hakumbuki hata mmoja, anakumbuka mkate. Anasema walipewa mkate mzima kila mtu na siagi ya kopo, na siku ya kwanza yeye hakula, alikwenda nao nyumbani kwenye koti ili mama yake auone. Wayne kwake ni "yule mrefu". Basi.

#8 Dokta Popkoni
Mkuu #1, swali lako linaanzia mahali pasipo sahihi. Unaongea kana kwamba Hatari! ndiyo ilimfanya awe mtu. Ukweli, alikuwa na jina kabla hajapanda ndege kuja huku. Mwaka 1957 alishacheza filamu fupi ya mwongozaji Truffaut, Les Mistons, pamoja na mkewe wa wakati ule Bernadette Lafont. Kisha Claude Chabrol akampa jina lenyewe kwenye Le Beau Serge na akamrudisha kwenye Les Cousins. Hizo ndizo filamu zilizofungua "wimbi jipya" la Ufaransa, yaani waongozaji vijana waliopiga filamu kwa namna yao mpya.

Sasa hapa ndipo jibu langu lilipo. Chabrol alipata wapi hela ya Le Beau Serge? Urithi wa upande wa mkewe. Akachukua kamera akaenda Sardent, kijiji alichokaa utotoni wakati wa vita, akapiga humo humo, wanakijiji wakionekana. Blain alikuwa amesimama pale anaangalia. Ukishaona kwa macho yako kwamba filamu inaweza kutengenezwa kijijini kwenu kwa hela ya mirathi, hakuna Hollywood itakayokutisha tena. Hakuacha meza, alishajua jiko liko wapi.

#9 Shemeji wa Moshi
#8 hela ya mirathi huku ingezua kesi hadi leo. Ndugu wangekuja lokesheni na mwenyekiti wa ukoo.

#10 Mzee Kifodi
Vijana, salaam. Mimi niliiona Hatari! kwenye sinema ya Metropole hapa mjini nikiwa mdogo, ilikuwa imesharudiwa mara nyingi. Watu walikuwa wanapiga kelele kila inapoonekana sehemu wanayoijua. Kile kipande cha mwisho, vitoto vya tembo vinamfukuza yule mwanamke hadi hotelini, ukumbi mzima ulisimama. Kuna waliosema ni pale pale mjini karibu na Mnara wa Saa, kuna waliosema wazungu walijenga hoteli ya uongo kwao. Ugomvi ule ulianza mle ndani na haujaisha.

Kuhusu swali lako mwanangu wa Sakina: yule kijana alikuwa mfupi. Simama karibu na Wayne uone. Mfupi mwenye sura nzuri anapewa nafasi ya kijana mkorofi. Ukifika miaka arobaini ukorofi haupendezi tena na ujana umekwenda. Ataitwa kucheza nini? Ndiyo akakaa nyuma ya kamera, huko urefu hauulizwi.

#11 Steringi Hafi
Mzee Kifodi kamaliza. Uzi ufungwe.

#12 Gaidi wa Watalii
Usifungwe. Mimi naongoza Wafaransa porini mwaka wa kumi na nne, na Kifaransa changu ndicho kinanilipia ada za watoto. Kuna mzee mmoja mgeni wangu, mwalimu mstaafu wa huko Lille, alinisimulia habari za Blain njia nzima hadi getini Manyara. Nikaja kuzitafuta mwenyewe.

Sababu si urefu. Sababu ni utoto. Baba yake aliondoka nyumbani, yeye akakulia mitaani Paris wakati Wajerumani wameikalia nchi. Sasa angalia filamu zake:

Les Amis (Marafiki): kijana wa familia duni anachukuliwa na mwanamume tajiri mwenye umri mkubwa. Le Pélican (Mwari): baba katoka jela, mkewe kaolewa kwingine, mtoto kachukuliwa, naye anabaki kumchungulia mwanawe kwa mbali. Huyo baba kamcheza Blain mwenyewe. Un enfant dans la foule (Mtoto katika umati), hii ilienda Cannes 1976: mtoto Paris wakati wa vita anatafuta mtu wa kumpenda, yeyote yule.

Ni hadithi moja, kaisimulia mara tatu. Hakuna prodyuza angempigia simu kumwambia "njoo ucheze maisha yako". Ilibidi aitengeneze mwenyewe.

#13 Ndizi Ng'ombe
Mwari? Filamu ya unyago hiyo? Mbona tunaletewa mambo ya Pwani.

#14 Gaidi wa Watalii
Hahaha, mwari NDEGE mkuu. Yule mkubwa mweupe mwenye mfuko chini ya mdomo, Manyara wapo. Wazungu wana hadithi ya zamani kwamba mwari akikosa chakula anajitoboa kifua kwa mdomo, watoto wanywe damu yake. Ndiyo maana baba wa kwenye filamu kaitwa hivyo. Kila nikiwaonyesha Wafaransa mwari, lazima mmoja aguse kifua.

#15 Mhariri wa Usiku
Mimi ni mhariri, nakaa Njiro, nahariri filamu za watu usiku na harusi mchana. Naomba nipingane na #8 na #12 kwa pamoja.

Mnatafuta sababu nje ya kazi. Mimi natafuta ndani ya kazi. Nimeziona mbili za Blain, Les Amis na ile ya mtoto. Hakuna uigizaji mle! Watu wanaongea kama wanasoma barua. Hawapandishi sauti, hawalii, kamera inakaa tu. Ni njia ya Robert Bresson, mwongozaji wa Kifaransa aliyekuwa hataki waigizaji, anataka watu wa kawaida watamke maneno na kuondoka. Blain alimfuata huyo.

Kwa hiyo tafsiri yangu ni kwamba mtu alicheza miaka na miaka, akafika mahali akauchukia uigizaji wenyewe. Si Hollywood, si Wayne. Alichoka kuona watu wanajifanya, na yeye mwenyewe akiwemo. Nawaelewa watu hao. Ukihariri mtu analia mara kumi na moja kwa machozi ya kitunguu, usiku wa manane, hutamani tena kuona uso wa binadamu.

#16 Dokta Popkoni
#15 hoja nzuri, ila ina tundu. Kama aliuchukia uigizaji mbona aliendelea kucheza? Mwaka 1977 yumo kwenye The American Friend ya Wim Wenders, ndiye anayemshawishi fundi wa fremu akaue mtu. Na kwenye Le Pélican alijiweka mwenyewe mbele ya kamera.

Na kuna utamu: Wenders kwenye filamu ile nafasi za wahalifu aliwapa waongozaji wa filamu. Nicholas Ray yumo, Samuel Fuller yumo, Blain yumo. Maana yake kufikia 1977 wenzake walishamhesabu ni mwongozaji.

#17 Steringi Hafi
Waongozaji kupewa nafasi za majambazi, hapo hakukuwa na uigizaji. Niliwahi kufanya kazi na mmoja, hadi leo nauli ya kurudi sijapata.

#18 Shemeji wa Moshi
#17 umenikumbusha kidonda. Mimi nilikuwa mwigizaji wa kikundi cha parokia, tukicheza Mateso kila Ijumaa Kuu, mimi Pilato. Watu wakanipenda, nikajiona. 2011 tukachanga watu sita, VICOBA wakatukopesha, tukapiga filamu Kibosho na Rau. Mimi mwongozaji, mimi steringi, mimi dereva. Kipaza sauti tulikivalisha soksi ya mtoto ili upepo usiingie, tukakifunga kwenye mpini wa fagio. Kwenye sini ya msiba ukitazama vizuri juu kushoto inaonekana soksi ya njano inaning'inia. Waombolezaji wanalia, soksi inapepea.

Tukapeleka masta kwa msambazaji Dar. Akaitazama dakika tano, akatutajia bei ambayo haikufika hata nusu ya mkopo, na akataka haki zote, kava libadilishwe na awekwe dada ambaye kwenye filamu HAYUMO. Tulikubali. Tungefanyaje, marejesho yalikuwa Jumatatu.

Sasa hivi napiga vipaimara na harusi. Desemba Wachaga wakirudi nyumbani sina hata siku ya kufua. Hiyo soksi bado ninayo.

#19 Ndizi Ng'ombe
Tuwekee kipande cha soksi tafadhali.

#20 Binti Leguruki
Nimecheka na nimesikitika. Pole shemeji.

#21 Mzee Kifodi
Pilato ndiye aliyenawa mikono. Wewe hukunawa, ukasaini.

#22 Chalii wa Sakina
Shukrani wote. Nasoma kila kitu. #18 umenigusa kuliko unavyojua.

Swali dogo: hizo filamu za Blain ziliingiza hela? Au zilipata tuzo tu?

#23 Steringi Hafi
Nasikia Les Amis ilipata Chui wa Dhahabu Cannes.

#24 Dokta Popkoni
Chui wa Dhahabu si Cannes, ni Locarno, Uswisi. Cannes wanatoa Kiganja cha Dhahabu, yaani jani la mtende. Les Amis iliupata huo Uchui 1971. Na Cannes alienda kushindana na ile ya mtoto, 1976, akarudi tena 1987 na Pierre et Djemila. Hiyo ya mwisho ni ya kijana Mfaransa na binti wa Kialgeria wanaopendana kwenye mji wa viwanda kaskazini. Ilimletea balaa, kuna waliomtuhumu ubaguzi, wengine wakamtetea. Sikumbuki mtu aliyetajirika hapo.

#25 Ndizi Ng'ombe
Waswisi wana chui gani? Chui wako Serengeti, tuzo ziko kwao.

#26 Gaidi wa Watalii
Ni nembo ya tamasha lao bwana. Ila hoja yako nitaitumia kwenye gari kesho.

#27 Mwanakwaya wa Ngaramtoni
Nimechelewa uzi. Kwani hapa nyumbani hatuna mfano hadi tuende Ufaransa? Kanumba wa Bongo Movie je? Alianza kucheza na kikundi cha Kaole, akawa jina kubwa, akafungua kampuni yake na kutengeneza filamu zake. Mwigizaji aliyegeuka mwongozaji huyo hapo. Alipofariki 2013 nilikuwa kidato cha tatu, shule nzima ilizizima.

#28 Binti Leguruki
2012 dada. Tarehe 7 Aprili 2012, siku moja kabla ya Pasaka. Nakumbuka kwa sababu tulikuwa tunapika, shangazi akazima redio akasema "wanasema uongo", akaiwasha tena.

#29 Mwanakwaya wa Ngaramtoni
Asante kwa sahihisho, kweli ilikuwa Pasaka.

#30 Dokta Popkoni
#27 Kanumba ni mfano wa kitu kingine. Yeye alijenga soko, akabaki steringi wa filamu zake, sura yake ndiyo iliyouza kava. Blain alifanya kinyume, alitengeneza vitu ambavyo sura yake isingeuza. Wote wawili walijitegemea kwa hela, ila hawakuelekea upande mmoja.

Anayekaribia zaidi swali la #1 ni John Cassavetes wa Marekani. Huyo alikuwa anacheza filamu za studio ili apate hela ya kutengeneza za kwake. The Dirty Dozen ya 1967 ilimpeleka hadi kwenye uteuzi wa Oscar kama mwigizaji, mwaka uliofuata akatoa Faces, aliyoipiga nyumbani kwake na kwa mama mkwe. A Woman Under the Influence ya 1974 aliweka nyumba rehani, rafiki yake Peter Falk akachangia, na wakaisambaza wenyewe kwa sababu hakuna msambazaji aliyeitaka. Mkewe Gena Rowlands ndiye aliyeicheza, akateuliwa Oscar, na Cassavetes mwenyewe akateuliwa kwa uongozaji.

Blain angeweza kufanya hivyo. Kula Hollywood, kulala kwake.

#31 Shemeji wa Moshi
Mama mkwe alikubali watu washuti nyumbani kwake? Wangu nikiingia na viatu tu ni kikao.

#32 Mhariri wa Usiku
#30 ndiyo hivyo, ila Cassavetes alikuwa anapenda waigizaji kupita kiasi, anawaacha wamwage kila kitu. Ukikaa na filamu zake na za Blain usiku mmoja utadhani wanagombana. Mmoja anafungua bomba, mwingine anakaza. Ndiyo maana nang'ang'ania nilichosema #15.

#33 Gaidi wa Watalii
Na mimi nang'ang'ania utoto. Mtoto aliyeachwa hamwagi machozi mbele za watu. Hiyo "kukaza" unayoiita Bresson mimi naiita mtoto wa mtaani.

#34 Mhariri wa Usiku
Hapo umenipata kidogo. Kidogo.

#35 Mzee Kifodi
Niongeze kitu kuhusu Hatari! yenyewe maana mnaipita juu juu. Hawks mwenyewe alisema wale wanyama walikamatwa na waigizaji wenyewe, hawakuwekewa watu wa kuwabadili. Wayne alikaa kwenye kile kiti cha mbele ya gari, kifaru yuko pale. Niliwahi kupanda gari la namna hiyo mwaka 1974 na mzee mmoja aliyekuwa anakamata pundamilia kwa ajili ya bustani za wanyama. Nilishika bomba la chuma hadi kiganja kikachubuka. Gari likiingia shimoni unaona mbingu, likitoka unaona majani karibu na pua. Mdomo umejaa vumbi, na vumbi lina ladha ya kinyesi cha mnyama.

Mtu akitoka kwenye kazi ile halafu aambiwe akasimame studioni, mbele ya pazia lililochorwa mlima, ataona ni utoto. Labda hakutaka kudanganya tena.

#36 Dokta Popkoni
Mzee, hiyo inakwenda na kitu kingine. Hawks alianza kupiga bila muswada uliokamilika. Hakuna anayeweza kumwandikia kifaru aelekee wapi, kwa hiyo walikamata kwanza, hadithi ikashonwa kuzunguka walichopata. Yule kifaru aliyechomoka wakamkamata tena, alibaki kwenye filamu.

#37 Mwanakwaya wa Ngaramtoni
Basi kumbe Bongo Movie tunalaumiwa bure. Hata sisi hatuna muswada.

#38 Steringi Hafi
Na kifaru hatuna.

#39 Binti Leguruki
Chalii wa Sakina, naomba nikuulize kitu uso kwa uso. Umeuliza kuhusu hela, umesema #18 kakugusa kuliko anavyojua. Wewe si ndiye uliyecheza yule kijana wa tajiri anayempiga mlinzi kibao? Ile tamthilia ya usiku. Sura ya kwenye picha yako hapa naifananisha.

#40 Steringi Hafi
LOH. Mods leteni taa.

#41 Ndizi Ng'ombe
Yule mjinga aliyempiga mlinzi kibao?! Mama yangu alitaka kuvunja runinga. Bro umetukanwa Kilimanjaro nzima.

#42 Chalii wa Sakina
Ni mimi. Mlinzi alikuwa mtu wa Kaloleni, ni rafiki yangu, kibao kilikuwa cha uongo lakini cha tatu kilimpata kweli.

Nieleze basi. Wamenipigia tena Dar. Msimu mpya, nafasi ile ile: kijana wa tajiri, mkorofi, anapiga watu. Hii itakuwa mara ya tatu na watayarishaji tofauti. Hela nzuri, sitadanganya, miezi minne natoka na kitu. Lakini mwaka jana niliandika hadithi yangu, dakika arobaini, kuhusu konda wa kifodi (daladala ndogo) cha Usa River anayemtafuta abiria aliyesahau bahasha kwenye gari. Nimeshapata kamera ya kukodi kwa elfu themanini kwa siku, mwenye gari kakubali kwa mafuta tu, na kipindi pekee gari lipo ni hicho hicho wanachonitaka Dar. Nilipomwona Chips nikafikiri: huyu naye kuna siku alipigiwa simu.

Sikutaka kusema kwa sababu mngeniambia "nenda ukale hela".

#43 Ndizi Ng'ombe
Nenda ukale hela.

#44 Shemeji wa Moshi
Asikudanganye mtu. Nenda Dar, rudi na hela, piga filamu yako. Mimi soksi ya njano ilinifundisha.

#45 Mhariri wa Usiku
#44 nimewaona watu ishirini waliosema "nitarudi na hela". Wanarudi na gari.

Chalii, kama utapiga, njoo Njiro nikuharirie, tutaelewana. Ila nakuomba: sauti. Ndani ya kifodi injini itakumeza. Sini za mazungumzo piga gari limezimwa, watu wawili nje walitikise kwa kulisukuma bodi, sauti ya injini nitaiweka mimi baadaye. Na madirisha yafungwe, hata kama ni Januari.

#46 Mzee Kifodi
Nimeendesha kifodi miaka kumi na tisa, hakuna kifodi cha Usa River ambacho madirisha yote yanafunga. Utakidanganyia wapi watu wa Tengeru?

#47 Mhariri wa Usiku
Mzee, wataziba kwa kanga.

#48 Mzee Kifodi
Kanga sawa.

#49 Dokta Popkoni
Mkuu kabla hujapiga hata picha moja, shughulikia kibali cha Bodi ya Filamu. Na ikikamilika ipelekwe ikaguliwe na kupewa daraja. Usijifanye dakika arobaini ni mchezo wa sebuleni. Tamasha la Zanzibar wanapokea filamu fupi, jipange na tarehe zao.

Na kuhusu Blain, kumbuka alianza akiwa na miaka 40, tayari ana jina kutoka kwa Chabrol, Truffaut na Hawks. Wewe una ngapi?

#50 Chalii wa Sakina
29. Na jina langu ni "yule mjinga wa kibao".

#51 Gaidi wa Watalii
Nimeona filamu yake ya mwisho mnajua inaitwaje? Ainsi soit-il, ya mwaka 2000. Na iwe hivyo. Ni maneno ambayo Wafaransa wa zamani walimalizia sala, mahali ambapo sisi tunasema Amina. Ilitoka mwaka ule ule, Desemba akafariki. Kwa hiyo hakuacha hadi mwisho, hili #10 halielezi. Mtu aliyehamia nyuma ya kamera kwa kukosa kazi haendi nayo miaka thelathini.

#52 Mzee Kifodi
Mimi nimeendesha gari miaka kumi na tisa kwa kukosa kazi nyingine, na niliipenda. Usiseme haiwezekani.

#53 Gaidi wa Watalii
Shikamoo mzee, sina la kujibu.

#54 Mzee Kifodi
Marahaba. Chalii, hiyo bahasha ina nini ndani?

#55 Chalii wa Sakina
Haifunguliwi mzee.

#56 Ndizi Ng'ombe
Konda wa Usa River asifungue bahasha? Hiyo sasa ndiyo filamu ya uongo kuliko zote zilizotajwa humu.

#57 Mwanakwaya wa Ngaramtoni
😂😂 Nauli kwanza, bahasha baadaye.

#58 Binti Leguruki
Natoka nje ya mada kidogo. Baada ya kusoma #35 nilikwenda kwa bibi Leguruki leo nikamwomba sanduku la picha. Tumeipata moja, nyeusi na nyeupe, kona imeliwa na mchwa. Gari lenye kiti cha mbele kama alivyosema Mzee Kifodi, vijana saba wamesimama pembeni, mmoja kashika mkate kwapani. Nilisema huyu ndiye babu. Bibi kakataa, anasema babu ni yule wa nne asiye na kitu mkononi, mkate wake ulikuwa umeshafichwa kwenye koti. Ukitazama vizuri koti limetuna kweli.

Mhariri, hiyo kona inaweza kurekebishwa?

#59 Mhariri wa Usiku
Lete. Usiipige picha kwa simu, ilete yenyewe, na uiweke katikati ya daftari isikunjike.